Ndevu za Chuma

Juzi nilikwenda Makambako kutengenezewa jembe. Mjukuu wangu alitaka tununue jipya, maana vijana wa leo kitu kikilegea tu wanataka kukizika, lakini mimi na jembe langu tumezoeana. Tukakaa kwenye benchi nje ya kibanda cha fundi, upepo wa Makambako ukitujaza vumbi mdomoni kama kawaida yake. Ndani, kijana akachomoa chuma chekundu motoni, akakitumbukiza kwenye kopo la mafuta. Chuma kikalia, moshi ukatoka mlangoni, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama, nimekishika kidole gumba changu cha kulia, nakibonyeza.

"Bibi, umeumia?" mjukuu akauliza.

Nikamwambia sijaumia, akae atulie. Lakini harufu ile ya mafuta ilikuwa imeshaingia, na njia nzima ya kurudi Njombe sikusikia alichokuwa akiongea.

Wenzangu mliokulia huku juu enzi za Mwingereza mtakumbuka baridi ya Juni, ile ya kufanya majani yavunjike chini ya nyayo. Mtakumbuka pia jinsi mtoto alivyokuwa haambiwi kitu. Alitumwa kuni, akatumwa maji, akirudi anakuta watu wazima wamenyamaza ghafla, basi anabaki kujielezea mambo kwa akili yake mwenyewe. Mimi nilijielezea kila kitu, na karibu kila kitu nilikikosea.

Baba yangu alikuwa mchongaji wa nakshi: viti vya wachungaji, masanduku ya maharusi, fremu za milango. Nyumba yetu ilikuwa kati ya Njombe na Kifanya, mahali ambapo ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Kipindi ninachokisimulia kanisa letu lilikuwa limejengwa upya kwa tofali za kuchoma, na wazee wa kanisa wakampa baba kazi ya mlango mkuu. Mbao zilikuwa za mninga, zimepandishwa kwa lori kutoka Usangu. Mchungaji akataka uchongwe mizabibu. Kijijini hapakuwa na mtu aliyewahi kuona zabibu. Baba aliziangalia kwenye picha ya Biblia, akakuna kidevu, akasema zinafanana na nyonyo zilizovimba, zile za kukamulia mafuta, na hivyo ndivyo alivyozichonga. Mpaka leo ukizitazama vizuri utaona ni nyonyo.

Kwa kazi hiyo patasi zake bapa hazikutosha. Patasi bapa inakata mstari, haiwezi kuzunguka tunda. Alihitaji bobari, yaani patasi yenye mdomo uliopinda kama ukucha, na alihitaji za kila namna: ya kina kwa ajili ya zabibu, ya mpindo mdogo kwa ajili ya majani, na moja nyembamba yenye mdomo wa pembe kwa ajili ya mishipa ya majani. Dukani hazikuwepo. Akaamua kuzifua mwenyewe, na kwa ajili ya chuma tukapanda juu ya lori la magome ya miwati, mimi na yeye, mpaka Makambako.

Makambako ya siku zile ilikuwa njia panda tu, maduka machache ya mabati, na nyuma ya maduka malori yaliyokufa. Baba alikuwa anatafuta majani ya springi, vile vyuma bapa vya chini ya gari. Analifunga jani kwa kamba, analining'iniza, analigonga kwa bolti, anasikiliza. Lililo zima linaimba, sauti inakwenda mpaka inapotelea kwenye upepo. Lenye ufa linatoa mlio mfupi wa chungu kilichopasuka. Aligonga moja zuri kabisa, jeusi, lisilo hata kutu, akalitupa pembeni.

"Hili linaumwa ndani," akasema.

"Mbona halionekani?"

"Litaonekana likipigwa."

Tukaenda kunywa chai kwa mama mmoja aliyekuwa anauza pale njia panda. Kikombe cha bati kilikuwa cha moto, nikakizungushia upindo wa gauni na bado nilikuwa nakihamisha mkono huu na huu. Baba alikishika chake kwa kiganja kizima, akaendelea kuongea habari za springi. Mama wa chai akamtazama.

"We fundi, huo mkono wako wa mti?"

Baba akakiangalia kikombe kama vile amepewa sasa hivi. Akakiweka chini. Halafu akacheka, lakini alichelewa kucheka, watu walikuwa wameshamaliza. Mimi kifua kilinijaa. Niliona nina baba asiyeunguzwa na kitu.

Alifulia nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha nyasi, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa kuvuta mivukuto. Jani la springi alilikata vipande, kila kipande akakichoma mpaka kiwe chekundu cha kuiva, akakilaza kwenye mfuo uliochimbwa kwenye jiwe na kukipigia juu fimbo ya chuma ya mviringo mpaka kipinde. Kujua mpindo umefaa, alibonyeza mdomo wa bobari kwenye kiazi kibichi, akatazama alama, akailinganisha na mchoro wa zabibu aliouchora kwa mkaa ubaoni. Siku hizo tulikula viazi vyenye miezi michanga kila upande. Baada ya hapo moto tena, kisha mafuta ya nyonyo, kile kilio na moshi, na chuma kinatoka kigumu kiasi kwamba kingedondoka kingevunjika. Kwa hiyo anakisugua king'ae, anakirudisha juu ya makaa taratibu, na hapo ndipo rangi zinapoanza kutembea: njano ya majani makavu, njano ya asali, kahawia, zambarau. Bobari ya kuchongea mninga aliitoa kwenye asali. Ukichelewa kidogo tu imelegea. "Angalia, usipepese," alikuwa ananiambia, na mimi nilikuwa sipepesi mpaka machozi yanatoka.

Mchana mmoja nilisikia harufu ya nyama ya kuchoma. Nikafurahi, nikadhani mama amechinja kuku bila kutuambia. Nikageuka kuangalia mama yuko wapi, nikamwona yuko mbali kabisa, shambani. Nikamgeukia baba. Alikuwa ameegemeza mkono wa kushoto kwenye kipande cha chuma alichokitoa motoni muda si mrefu, anatafuta nyundo kwa mkono wa kulia, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka kati ya vidole vyake.

"Baba! Mkono!"

Aliutazama. Akaubandua, na ngozi ikabaki. Hakupiga kelele wala hakuupuliza. Alikaa chini kwenye kigogo, akawa anautazama tu, kwa muda mrefu, mpaka mivukuto ikaishiwa pumzi na moto ukafifia.

"Mama yako usimwambie," akasema mwishowe.

Msomaji mtu mzima ameshaelewa. Ulikuwa ukoma. Ulikuwa umeanza na baka jeupe juu ya kiwiko, baka ambalo mimi niliona ni jivu lisilotaka kutoka, na sasa ulikuwa unamnyang'anya vidole kimoja kimoja kwa ndani, huku kwa nje vinaonekana vizima. Na baba alijua. Alijua kwamba akigunduliwa atapelekwa kwenye kambi ya wakoma, ng'ambo ya milima, upande wa Ludewa, na sisi hatukuwahi kumwona mtu aliyerudi kutoka kule. Alitaka kuumaliza mlango kwanza. Mimi nilihitimisha kwamba baba ana dawa ya moto. Nilikuwa nimesikia watu wakisimulia kwamba wafua chuma wa Upangwa wa zamani walikuwa na dawa hiyo, nikaona basi na yeye amepewa, na siri ile nikaitunza kwa furaha kubwa.

Halafu likaja jambo lililonifanya nijione malkia. Bobari ikishafuliwa inanolewa kwenye jiwe, na ikinolewa, ukingoni mwa makali panabaki unywele wa chuma uliogeukia upande wa pili. Jicho haliuoni. Baba aliuita ndevu. Ndevu zikibaki, mninga unachanika badala ya kukatika, na zabibu moja ikichanika ubao mzima umeharibika. Namna ya kuzijua ni moja: unapitisha nyama ya kidole gumba kutoka ndani kwenda nje, polepole, na zikiwepo zinakukwaruza kidogo sana. Baba alikuwa akifanya hivyo miaka yote bila hata kutazama. Siku ile akapitisha kidole, akapitisha tena. Akageuza bobari, akajaribu kidole kingine. Mwisho akaniita.

"Lete gumba lako. Taratibu. Unasikia nini?"

"Inakwaruza."

"Wapi?"

"Hapa pembeni."

Akarudisha kwenye jiwe, akanoa, akaniita tena. Tuliendelea hivyo mpaka nikasema hakuna kitu, akaichukua, akakata kipande cha mninga, na kikatoka cha kung'aa kama kimepakwa mafuta. Tangu siku hiyo hakuna bobari iliyogusa mlango wa kanisa kabla ya kupita kwenye gumba langu. Nilikuwa na wadogo zangu wa kiume na kulikuwa na binamu zangu wakubwa waliotamani ufundi ule, na baba alikuwa amenichagua mimi, msichana! Nilitembea kijijini nimekificha kidole ndani ya ngumi kama yai.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa yanabadilika, nami nikawa nayasoma kwa miwani hiyohiyo. Mama alianza kumpakulia baba peke yake, kwenye bakuli la bati la bluu ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulishika. Niliona anamheshimu, kama mchungaji anavyowekewa sahani yake. Baba akahamishia mkeka wake kibandani, akisema moto wa mkaa unamfaa kwa baridi. Na mama akaanza kunifinya.

Ilikuwa kila jioni, wakati wa kuoga. Ananisimamisha ndani ya karai, ananisugua, halafu bila kosa lolote ananifinya: kwenye kiwiko, ndewe za masikio, ncha za vidole, kimoja baada ya kingine.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama."

"Wapi?"

"Hapo! Mama, unaniumiza!"

Hakuacha mpaka nilie. Na nikilia, uso wake, uliokuwa umekaza tangu asubuhi, unalegea, ananivuta, ananipaka mafuta mwili mzima kwa mikono ya upole isiyofanana kabisa na ile iliyokuwa inafinya. Wadogo zangu nao walifinywa, lakini mimi zaidi, na vidole vya mkono wa kulia zaidi ya vyote. Nikaelewa kwamba mama ana wivu kwa sababu baba amenichagua. Nilimchukia, nasema kweli. Nilikuwa nalala nikimpangia maneno ya kumwambia nikiwa mkubwa.

Kwetu Ubena salamu haiishii mdomoni. Ukishasema kamwene lazima mikono ikutane, na mwenye mkono mchafu hukunja vidole akakupa kifundo cha mkono, nawe unakishika hapo. Ni adabu tu, kila mtu anajua. Baba akawa mtu wa kifundo. Mgeni akitokea kwenye njia, nilimwona baba akiuzamisha mkono kwenye mkaa kabla hajafika, kisha anasimama, anacheka, "Kamwene, kamwene, samahani, mnaona wenyewe kazi zetu," na anatoa kifundo. Wageni walicheka. Mimi nilicheka zaidi ya wote, niliona ni utani wake mpya. Ila mama alikuwa hacheki, na mara moja nilimkuta amesimama nyuma ya mlango na mkono mdomoni.

Mlango ulikuwa umefika mbali. Zabibu zilikuwa zimejaa mbao za juu na za kati, ukibaki ubao mmoja tu wa chini. Na huo ndio ulikuwa unanitia hofu, maana mikono ya baba ilikuwa imeanza kuwa mizito. Mipini ya bobari aliitengeneza upya, minene, na kuifunga vipande vya mpira wa tairi. Alisema mninga ni mgumu.

Ikaja Jumapili. Baba alioga, mama akamkata kucha, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Baada ya ibada watu walisimama nje kwenye jua, na Mzee Mwalongo, mzee wa kanisa aliyesimamia kazi ya mlango, akaja moja kwa moja na mkono mbele. "Kamwene, fundi!" Na baba, kwa mazoea tu, akakunja vidole akampa kifundo.

Mkono ulikuwa safi. Ulikuwa unanukia sabuni. Mzee Mwalongo alikishika kile kifundo kwa sababu kilikuwa kimeshatolewa, lakini hakukiachia. Akaugeuza mkono wa baba taratibu, akavikunjua vidole, akaona kovu la kiganjani.

"Uliungua lini, fundi?"

"Ah, kazi tu hizi."

"Haikuuma?"

Nilikuwa nimesimama pembeni ya baba, nimeshika upindo wa shati lake, na nilitaka kumjibia, niseme baba yangu haunguzwi na kitu. Mama akanibana mkono.

"Iliuma sana," baba akasema.

Mzee Mwalongo akamwachia. Alimtazama mama, akatutazama sisi watoto mmojammoja, akaenda zake bila kuagana. Wale waliokuwa karibu nao wakaondoka, wengine wakijifuta mikono kwenye nguo.

Sijawahi kumlaumu yule mzee. Alikuja siku chache baadaye na dresa wa zahanati, kijana mpole mwenye kaptula, na alikuja kwa njia ya nyuma ili majirani wasijae. Dresa alimkalisha baba kwenye kigoda nje ya kibanda, akamwambia avue shati, akamfunga macho kwa kitambaa cha mama. Akatoa unyoya wa kuku.

"Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole nilipogusa."

Akamgusa kifuani, baba akaonyesha. Begani, akaonyesha. Nikaona kumbe ni mchezo na baba anashinda. Unyoya ukashuka mkononi, ukagusa juu ya kifundo, na baba amekaa tu, anasubiri. Ukagusa kidole. Baba anasubiri. Kijasho kilikuwa kinamtoka chini ya kitambaa. Hapo nikaona anashindwa, na ndani yangu kukawa na kitu kinachopiga kelele, kwa sababu mimi niliuona ule unyoya, ningeweza karibu kuusikia kwenye ngozi yangu mwenyewe. Ulipogusa tena nikakohoa.

Baba akainua kidole, akaonyesha kiganja. Ilikuwa sahihi. Nikakohoa tena, akaonyesha kiganja tena, kumbe unyoya ulikuwa umehamia kwenye gumba. Nikakohoa mara nyingine, kwa nguvu, nikiwa karibu kulia. Chini ya kitambaa nikaona baba anatabasamu.

"Acha, mwanangu," akasema. "Utaumwa kifua."

Dresa hakunigombeza. Alimfungua baba macho, akamwambia ni ukoma na kwamba umeingia siku nyingi. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa bei anayoijua.

"Mlango umebaki ubao mmoja."

"Mlango utasubiri, fundi," Mzee Mwalongo akasema. "Nenda ukatibiwe. Ukirudi utaumalizia."

"Nikirudi nitaumalizia na nini?"

Kisha dresa akatuita sisi, mama kwanza, halafu mimi. Kitambaa kilikuwa bado na jasho la baba. Unyoya ulinigusa kila mahali na kila mahali niliusikia, na kila niliposema hapo, nilimsikia mama akishusha pumzi. Hapo ndipo nilipozielewa zile jioni za karai. Nilikaa na kitambaa machoni muda mrefu baada ya kuambiwa nimemaliza, kwa sababu sikuweza kumtazama.

Gari la kumchukua lilichelewa kwa ajili ya mvua, na siku zote hizo baba alichonga. Alijifunga bobari mkononi kwa mpira wa tairi, akapiga nyundo ya mti kutoka asubuhi mpaka mwanga uishe. Sikuruhusiwa kuingia kibandani. Nilikaa nje, nikisikiliza mninga ukichanika ndani. Alikuwa hana gumba langu. Mwishoni aliupiga randa ubao wote wa chini ukawa tambarare tena, na gari lilipofika ulikuwa mtupu. Aliondoka bila kutugusa. Alisimama kwenye njia, umbali wa kurusha jiwe, akaniambia, "Kidole chako kitunze." Halafu akamtazama mama, na hayo waliyotazamana ni yao.

Bwana afya akaagiza vyote alivyovitumia vichomwe: mkeka, shati jeupe, bakuli la bluu, kibanda, na sanduku la bobari ndani yake. Mama alichoma mwenyewe, hakukubali mtu mwingine awashe. Nilipiga kelele nikashikwa na jirani. Asubuhi, majivu yakiwa bado ya uvuguvugu, mama akaingia na koleo, akazichomoa bobari moja moja, hazina mipini, nyeusi, akazipanga kwenye nyasi mbele yangu.

"Mti umeungua," akasema. "Chuma hakishiki ugonjwa."

Nikafurahi mpaka nilipoinoa moja na kuijaribu kwenye kuni. Makali yalikunjika kama bati. Moto mkubwa uliopoa taratibu kwenye majivu ulikuwa umeulegeza ule ugumu wote, na baba hakuwepo. Lakini nilikuwa nimeangalia bila kupepesa. Nikachimba tanuri dogo, nikaomba mafuta ya nyonyo, na mama akakaa kwenye mivukuto iliyoazimwa na kuanza kuvuta. Nikachoma ikawa nyekundu, nikatumbukiza, ikalia. Nikaisugua, nikairudisha juu ya makaa, nikasubiri asali. Moja niliiwahisha, moja nikaichelewesha ikawa zambarau. Ya tatu, nilipoitoa, ikanigusa kwenye mkono nikalia kwa sauti. Mama akainua kichwa haraka, uso umekaza. Akanisikia ninavyolia. Na uso wake ukalegea.

Baada ya mavuno tulikwenda kumwona, kwa miguu, tukilala kwa watu njiani, tukavuka milima ambayo barabara yake inakwenda Ludewa. Kambini palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye miti. Wao upande ule, sisi upande huu, katikati kisiki cha kuwekea vitu. Baba alikuwa amekonda. Mikono ilikuwa imefungwa vitambaa. Niliweka bobari kwenye kisiki, ile ya zabibu, yenye mpini niliouchonga mimi, nikarudi nyuma.

Aliichukua kwa viganja viwili, akaigeuza kwenye mwanga. Nilimwona akitaka kupitisha gumba, akakumbuka. Kisha akainamisha kichwa, akaweka mdomo wa bobari kwenye mdomo wake wa chini, na kuuvuta taratibu kutoka ndani kwenda nje.

"Ina ndevu," akasema. "Kushoto, karibu na kona."

"Baba," nikamuuliza, maana swali lile lilikuwa limenikaa kooni miezi yote, "ulikuwa unanifundisha, au ulikuwa unaazima kidole changu tu?"

Hakunidanganya. "Nilikuwa naazima. Nilikuwa na mlango wa kumaliza, mwanangu, sikuwa na nafasi ya kumfundisha mtu." Akaitazama tena bobari, na ule mpini wangu uliopinda. Ndipo akagusa mdomo kwa kitambaa cha mkono, kikaja na alama nyekundu. Alikuwa amejikata. Macho yakamtoka. "Inauma," akasema. Akamgeukia mama, akapaza sauti mpaka watu wa upande ule wakatoka vibandani. "Mama yake! Inauma! Hapa inauma!"

Mama akakaa chini palepale kwenye udongo, akalia kwa furaha.

Hatukumwona tena. Dawa nzuri ilikuja baadaye na ikamkuta ameshazikwa kulekule. Mlango ulitundikwa kanisani na ubao wake mtupu, na kwa miaka mingi watu walikuwa wanausukuma kwa kiwiko. Wengine hata hawajui tena kwa nini. Ubao ule wa chini niliombwa kuuchonga nilipokuwa mkubwa, na nilikataa.

Juzi, tuliporudi kutoka Makambako, niliitoa ile bobari kabatini. Nikapitisha gumba kutoka ndani kwenda nje, na kwa sababu mkono siku hizi unatetemeka, ikanikata. Nikapiga ukelele. Mjukuu akaja mbio kutoka uani, anauliza nini, bibi, nini, akanyoosha mkono aone damu. Nikaushika ule mkono wake, nikamfinya ncha ya kidole kwa nguvu zangu zote zilizobaki.

"Aa! Bibi, unaniumiza!"

"Haya," nikamwambia, nikamwachia. "Nenda kaoge."